Kuielewa pH na nguvu ya asidi: mwongozo kamili kwa vitu vya jikoni, kisimani na pwani

Ukiambiwa ndimu ina pH ya 2 na papo hapo ukaambiwa asidi yake ni dhaifu, usidhani msemaji amechanganya mambo. Yote mawili ni kweli, na anayeweza kuyashika pamoja bila kubabaika ameshaielewa mada hii. Wengi tuliopita skuli za Unguja na Pemba tulitoka darasani na mstari wa rangi kichwani: wekundu upande huu, buluu upande ule, 7 katikati. Mstari huo hauna kosa, ila haumsaidii mtu anayetaka kujua kwa nini siki inaondoa ukoko wa birika bila kumchoma mkono, au kwa nini chokaa, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji, inababua ngozi ya fundi.

Kinachochanganya watu ni kwamba kuna maswali matatu tofauti, nayo hujibiwa kana kwamba ni moja. Kwenye maji haya kuna ioni (chembe zenye chaji ya umeme) ngapi za haidrojeni zilizo huru sasa hivi? Hiyo ndiyo pH. Asidi hii ina wepesi gani wa kuziachia ioni zake? Hiyo ndiyo nguvu. Asidi yenyewe imetiwa kiasi gani? Huo ndio ukolezo. Hatua zinazofuata zinayatenganisha.

Hatua ya kwanza: jua pH inahesabu nini

Maji yoyote, hata yaliyo safi kabisa, yana molekuli chache zilizogawanyika vipande viwili: ioni ya haidrojeni, H⁺, na ioni ya haidroksidi, OH⁻. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, lita moja ya maji safi ina moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe) 0.0000001 ya kila moja. Ukitia asidi, H⁺ zinaongezeka na OH⁻ zinapungua. Ukitia alkali, yaani kitu kama chokaa kinachopingana na asidi, kinyume chake. Lakini ukolezo wa moja ukiuzidisha kwa ukolezo wa nyingine, jibu linabaki 10⁻¹⁴ maadamu joto ni lilelile.

Kuandika sifuri zote hizo kunachosha na ni rahisi kukosea. Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipendekeza tuchukue kipeo peke yake na kuiondoa alama ya kutoa. 10⁻⁷ ikawa 7. 10⁻³ ikawa 3. Kwa lugha ya hesabu, pH = −log[H⁺].

Hapo yanatoka mambo mawili. La kwanza, kipimo kinakwenda kinyumenyume: namba ikiwa ndogo, H⁺ ni nyingi. La pili, ambalo ndilo linalosahaulika, kila hatua moja ni mara kumi. Mtindi wa pH 4.4 na maji ya ndimu ya pH 2.4 vinatofautiana kwa namba mbili tu, lakini ndimu ina H⁺ mara 100 zaidi.

Nusu hatua nayo si ndogo, wala sehemu ya kumi ya hatua. Maji ya bahari juu juu yalikuwa karibu na 8.2 kabla ya zama za viwanda, na leo ni kama 8.1. Ukitazama namba tu utasema hakuna kitu. Piga hesabu: 10 kwa kipeo cha 0.1 ni 1.26, maana yake H⁺ zimeongezeka kwa robo nzima na zaidi kidogo. Chanzo chake ni kabonidayoksaidi ya hewani inayoingia baharini na kufanya asidi ya kaboniki. Kwa visiwa vyetu, vyenye matumbawe, chaza na kombe ambao wote hujenga miili au magamba yao kwa kaboneti ya kalsiamu, sehemu hiyo moja ya kumi ni jambo zito. Bahari bado ni alkali, na itabaki alkali. Inachofanya ni kusogea upande wa asidi.

Ukipata mita nzuri, pima maji ya vidimbwi vinavyobaki pwani maji yakipwa, pale Paje au Jambiani penye mwani na majani ya bahari. Mchana wa jua kali pH hupanda, kwa sababu mimea inaifyonza kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula. Usiku hushuka, kwa kuwa kila kiumbe kinapumua na hakuna jua la kuiwezesha mimea kuifyonza gesi hiyo. Sijui somo lolote la darasani linaloionesha pH ikiwa hai kuliko hilo.

Kabla ya kuendelea, kuna suala la joto. Ile 7 ya katikati ni ya nyuzijoto 25. Maabara zetu siku za kaskazi zinafika 30 bila shida, na hapo maji safi yanasoma kama 6.9. Hayajawa asidi. H⁺ na OH⁻ zimeongezeka pamoja kwa idadi sawa, na usawa huo ndio unaoyafanya maji yasielemee upande wowote.

Hatua ya pili: tengeneza kiashiria chako

Karatasi ya litimasi inakupa jibu la ndiyo au hapana tu. Kiashiria cha nyumbani kinakupa zaidi, na kwetu malighafi hazikosekani.

Anza na bizari ya manjano. Koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wake kwenye vijiko vitatu vikubwa vya spiriti ya duka la dawa, iache itulie, kisha chovya vipande vya karatasi nyeupe isiyoteleza na uvianike kivulini mbali na moto. Karatasi hizo zinabaki manjano kwenye asidi na kwenye maji ya kawaida, ila zikigusa alkali zinageuka nyekundu ya kahawia. Mabadiliko yanaanzia kwenye pH ya 7 na nusu hivi na yanakamilika kabla ya kufika 9. Aliyewahi kumwagikiwa urojo kwenye kanzu nyeupe anaijua rangi hii. Urojo una ndimu, ukwaju au embe mbichi, kwa hiyo doa linakaa manjano. Lipake sabuni ya mche na papo hapo linakuwa jekundu, hata mtu akadhani ni damu. Suuza, kamulia ndimu, umanjano unarudi. Hiyo ndiyo kazi ya kiashiria: molekuli ya rangi yenyewe inapokea H⁺ au kuipoteza, na umbo lake jipya lina rangi nyingine.

Manjano haioni chochote upande wa asidi. Huko tumia rosela iliyokaushwa, ambayo wengine huiita choya. Chemsha gao moja kwenye kikombe cha maji kwa dakika kumi, chuja, iache ipoe. Tia kijiko cha kimiminika hicho kwenye kila kibakuli cheupe (weupe ni muhimu, bakuli la rangi litakudanganya), halafu dondoshea kile unachotaka kukipima. Kwenye ndimu itawaka nyekundu kali. Kwenye pH ya 4 au 5 inapauka kuwa waridi hafifu. Ikikaribia 7 inaingia zambarau iliyofifia, ukipita 8 inakuwa na ubuluu au ukijani, na kwenye maji ya chokaa inakuwa kijani, kisha inaelekea manjano taratibu kwa sababu rangi yenyewe inaharibika.

Usiipime dawa ya madoa yenye klorini kwa njia hii. Inaua rangi yote, na kibakuli kilichobaki cheupe hakikwambii chochote kuhusu pH.

Hatua ya tatu: vipange vitu unavyovijua

Weka kumbukumbu ya vitu unavyovigusa kila siku, kisha vingine utavikisia. Asidi ya betri ya gari iko jirani na 0, na asidi kali iliyokolea zaidi inaweza kushuka chini ya sifuri. Hakuna sheria inayoifunga pH kati ya 0 na 14. Tumbo lenye njaa lina 1.5 hadi 3.5. Ndimu 2 hadi 2.4, siki karibu 2.4, soda ya kola 2.5. Mtindi 4 hadi 4.5. Maji ya mvua safi 5.6, maziwa 6.6, damu yako 7.35 hadi 7.45 na mwili unailinda isitoke hapo. Bahari 8.1. Baikaboneti ya soda iliyoyeyushwa 8.3. Sabuni ya mche 9 hadi 10. Maji ya chokaa 12.4.

Mvua ya 5.6 huwashangaza wengi, lakini ni ile kabonidayoksaidi ya hewani tu. Na ndiyo inayoeleza visima vyetu. Sehemu kubwa ya Unguja, na sehemu za Pemba, zimekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe. Mvua ikipenya ardhini inaokota gesi zaidi kwenye udongo, inakuwa asidi dhaifu, inalila jiwe polepole, na katika kulila asidi yenyewe inamalizika. Kwa hiyo maji yanayotoka kisimani huwa yamepita 7 kidogo, yamebeba kalsiamu, sabuni haitoi povu vizuri, na birika linajenga ukoko mweupe. Ukoko huo ni lile jiwe limerudi. Kamulia ndimu mbili, jaza maji, chemsha, acha nusu saa. Povu dogo utakaloliona ni kabonidayoksaidi ikitoka.

Hatua ya nne: tenganisha ukali na ukolezo

Hapa ndipo pa kukaa. Fikiria boti nyingi zimefunga gati bandarini Mkoani, kila boti na abiria mmoja. Boti ni molekuli ya asidi, abiria ni H⁺. Kwa asidi kali, boti ikigusa gati abiria anateremka, na hakuna anayebaki ndani. Kwa asidi dhaifu, boti elfu moja zimefunga gati lakini abiria walio nchi kavu ni wachache. Na hata hao wanapokezana, mmoja akirudi botini mwingine anateremka. pH inawahesabu waliosimama gatini tu. Waliobaki ndani haiwaoni.

Asidi kali ni chache na unaweza kuzijua zote za darasani kwa jina: haidrokloriki, haidrobromiki, haidroiodiki, naitriki, perkloriki, na salfuriki, ambayo boti yake ina abiria wawili, kwa abiria wake wa kwanza. Karibu kila nyingine utakayokutana nayo ni dhaifu: asetiki ya siki, sitriki ya ndimu, tatariki ya ukwaju, laktiki ya mtindi, kaboniki ya soda, fosforiki.

Siki ya asilimia 5 ina kama moli 0.85 za asidi ya asetiki kwa lita. Kwenye kila molekuli 1,000, zilizoachia ioni ni kama 5. Ndiyo maana pH inasoma 2.4 badala ya kukaribia 0. Sasa chukua haidrokloriki iliyozimuliwa mpaka moli 0.001 kwa lita. Ni asidi kali, imegawanyika yote, lakini pH yake ni 3 kwa sababu imetiwa kidogo. Siki, iliyo dhaifu, ina H⁺ huru nyingi kuliko hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza ipi ina pH ndogo kati ya asidi kali na dhaifu, jibu sahihi ni kumuuliza kila moja imekolea kiasi gani.

Upande wa alkali, chokaa ni mfano bora kuliko wowote nilioukuta vitabuni. Mawe ya matumbawe yakichomwa kwenye tanuri hadi kiasi cha nyuzijoto 900 hutoa kabonidayoksaidi, na kinachobaki kikizimwa kwa maji kinakuwa haidroksaidi ya kalsiamu. Lita ya maji haiyeyushi hata gramu 2 zake. Lakini kile kidogo kinachoyeyuka kinagawanyika chote, na pH inapanda mpaka 12.4. Ni alkali kali isiyoweza kukolea. Fundi anayekanda chokaa mikono mitupu haumizwi na wingi wake, anaumizwa na ukali.

Na dhaifu haina maana ya salama. Asidi ya haidrofluoriki, inayotumika kuchora vioo, ni dhaifu kwa kipimo hiki, lakini inapenya ngozi, inaikamata kalsiamu ya mwilini na inaweza kuua.

Hatua ya tano: ipe nguvu namba

Nguvu inapimwa kwa Ka: ukolezo wa H⁺ mara ukolezo wa mabaki ya asidi, gawanya kwa ukolezo wa asidi ambayo haijagawanyika. Namba zinakuwa ndogo mno, kwa hiyo tunazifanyia kile alichofanya Sørensen na kupata pKa. Ikiwa ndogo, asidi ina nguvu zaidi. Sitriki ni 3.13, fomiki 3.75, laktiki 3.86, asetiki 4.76, kaboniki 6.35. Fomiki wachumaji wa karafuu wanaijua kwa mwili: majimoto wanaojenga viota vya majani mtini huuma kisha wakarushia asidi hiyo palepale walipouma.

pKa haibadiliki ukitia maji. pH inabadilika. Hiyo ndiyo tofauti yao kwa sentensi moja.

Hesabu ya mtihani inakwenda hivi. Una asidi ya asetiki ya moli 0.1 kwa lita, Ka ni 1.8 × 10⁻⁵. Kwa kuwa inayogawanyika ni kidogo, H⁺ ni kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁵ × 0.1. Ndani ya kipeuo kuna 1.8 × 10⁻⁶, jibu ni 1.34 × 10⁻³, na pH ni 2.87. Haidrokloriki ya ukolezo huohuo haina haja ya kipeuo: H⁺ ni 0.1, pH ni 1. Ukizimua kila moja mara kumi, haidrokloriki inapanda hatua nzima hadi 2, na asetiki inapanda nusu tu, hadi 3.4 hivi, kwa sababu maji yakiongezeka molekuli nyingi zaidi zinagawanyika. Na ukizidi kuzimua, pH itaikaribia 7 ila haitaivuka. Maji hayawezi kuigeuza asidi kuwa alkali.

Wala usihesabu nguvu kwa idadi ya haidrojeni kwenye fomyula. Asetiki ina haidrojeni nne na inaachia moja tu. Fosforiki ina tatu na ni dhaifu. Haidrokloriki ina moja, nayo ni kali.

Hatua ya sita: lione kwa macho

Jaribio hili halina hatari, na mtoto wa darasa la saba analiweza akiwa na mtu mzima. Pima mililita 100 za siki kwenye jagi kubwa. Kwenye jagi la pili tia mililita 10 za siki na 90 za maji. Dondoshea rosela kwenye sampuli ndogo ya kila moja: nyekundu zote mbili, na jicho halitaona tofauti ya maana, kwa kuwa moja ni 2.4 na nyingine 2.9. Sasa tia baikaboneti ya soda kidogo kidogo kwenye kila jagi, ukikoroga na kusubiri povu litulie, mpaka povu likome. Jagi la kwanza litakula kama gramu 7, kijiko kimoja na nusu cha chai. La pili litatosheka na gramu 0.7. pH zilikaribiana, lakini asidi iliyokuwemo inatofautiana mara kumi. Kila alkali ilipowachukua abiria wa gatini, wengine waliteremka, mpaka boti zote zikawa tupu.

Kwenye maabara ya skuli, fanya lile lililo bora zaidi: mililita 25 za haidrokloriki ya 0.1 na mililita 25 za asetiki ya 0.1, kila moja uishushie haidroksaidi ya sodiamu ya 0.1 kwa bureti (mrija wenye vipimo na koki chini). Zote zinataka mililita 25, ingawa moja ilianza na pH 1 na nyingine karibu 2.9. Kwa asetiki tumia kiashiria cha fenolftalini, kinachogeuka upande wa alkali. Mwisho wake unaangukia karibu na 8.7, na kiashiria cha methili ya machungwa, kinachogeuka upande wa asidi, kitakuwa kimeshageuka zamani.

Hatua ya saba: kipimo cha kweli, na mikono yako

Karatasi za pH zinatosha kwa kazi nyingi, ila kwa kimiminika chenye rangi, kama ukwaju, soma upande wa nyuma wa karatasi. Mita ni nzuri ikitunzwa. Irekebishe kwa bafa (kimiminika ambacho pH yake inajulikana) ya 7 kwanza, kisha ya 4 ukipima asidi au ya 10 ukipima alkali. Isuuze kati ya vipimo, na ncha yake ihifadhiwe kwenye maji ya kloridi ya potasiamu. Ukiiacha ndani ya maji yaliyotoneshwa, inaharibika.

Kuzimua asidi kali: asidi ndiyo inayotiwa ndani ya maji, polepole, huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya salfuriki, joto linayachemsha palepale na matone ya asidi yanakurukia usoni. Asidi ya kusafishia vigae na vyoo isikutane kamwe na dawa ya madoa ya klorini, hata kwenye bomba moja la choo. Inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vidogo havina pa kuitolea. Asidi hiyohiyo isipelekwe kwenye kuta za zamani za Mji Mkongwe. Mawe yale ya matumbawe na lipu yake ya chokaa ni chakula cha asidi, na unachokiona kikitoka na uchafu ni ukuta wenyewe.

Asidi ikimwagikia ngozini, vua nguo iliyolowa na uweke sehemu hiyo chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20. Usiipake chokaa wala baikaboneti ukidhani unaizima: zinapokutana hutoa joto, na wakati unaopotea kuzitafuta ndio ambao asidi inaendelea kula. Ikiingia jichoni, maji hayohayo, kope zikiwa wazi, kisha hospitali bila kungoja maumivu yapungue.